Fomu Mbili na Mlezi Mmoja

Kabla sijasema habari ya kadi ya walemavu, lazima niseme habari ya mbuzi wa Mama Zenabu, kwa sababu kila nikitaka kuanzia mahali pengine huyo mbuzi ananisimamia mbele. Nilikuwa kijana, nimetoka Kitui na begi moja, nimepanga chumba Makina, huku Kibera, nyuma ya msikiti. Mwenye nyumba alikuwa Mama Zenabu, mama wa Kinubi mwenye sauti ya kuita watu mpaka ng'ambo ya reli. Alikuwa na beberu mweupe jina lake Sultani. Kila asubuhi Sultani alitoka mlangoni, akapita katikati ya mabeseni ya kufulia, akaruka mtaro pale pale unaporukika, akaenda bombani kulamba maji yanayodondoka, akarudi. Alitembea kichwa juu kama mtu aliyeitwa na wakubwa. Nilikaa nyumba moja naye mwaka mzima kabla Mama Zenabu hajaniambia, siku tunakula chapati na maharagwe, kwamba Sultani haoni kitu, macho yote mawili. "Anahesabu," akasema. "Ndiyo maana nakukataza kusogeza beseni langu." Idi ilipokaribia akaja mnunuzi kutoka mbali, akamwangalia Sultani akienda bombani na kurudi, akasema huyu ndiye, akamchukua. Asubuhi yake akarudi amemshika pembe, anasema mbuzi amegonga ukuta wa nyumba yake mara nne. Mama Zenabu alikuwa anakuna nazi, hakuinuka. "Kwangu hajagonga ukuta hata siku moja," akamwambia. "Huo ukuta wako umekaa vibaya." Yule bwana alisimama pale akifikiri juu ya ukuta wake, na mwisho akakaa, akapewa chai, wakaelewana. Sultani alibaki Makina mpaka akafa kwa uzee.

Mama Brayo, ambaye ndiye ananiandikia haya kila Jumapili akitoka kanisani, ameweka kalamu chini anasema watu wanataka kusikia habari ya macho ya watu, si ya mbuzi. Nimemwambia tunakwenda huko huko, mbuzi ametangulia tu.

Kilichonikalisha chini ni fimbo. Wiki mbili zimepita tangu ivunjike, hapa Kambi Muru, Kibera hii hii, karibu na mashine ya kusaga, nilipoiingiza kwenye tundu la mtaro na mwili wangu ukaendelea mbele. Ilikuwa mpini wa ufagio uliopakwa rangi nyeupe ya ukutani, mahali pa kushika pamefungwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Watu wakaniambia pole mzee, utapata ingine. Wao wanaona mpini wa ufagio. Mimi nilirudi nyumbani na vipande viwili nikaviweka juu ya kabati, kwa sababu ile fimbo haikuwa yangu. Mwenyewe aliiacha imeegemea kiti changu katika ofisi moja huko Kawangware, na mwaka alioiacha ndio mwaka ninaotaka kuusema. Wengine wakisimulia mwaka uliowafanya watu, wanasimulia walipokuwa shule. Mimi shule nilikaa kidogo sana, mwalimu na mimi tulichokana. Mwaka wangu ulikuja nikiwa na miaka sitini na mbili.

Kazi yangu ni kutengeneza jiko. Nakata bati la pipa, nalikunja, natoboa, naweka udongo ndani. Macho yangu yalikuwa yameanza kufungwa pembeni, pole pole, kama mtu anayevuta pazia pande zote mbili, mpaka nikabaki naona katikati tu, kama ninachungulia kwa bomba. Sikumwambia mtu. Nilijifunza kufanya kazi kwa masikio, bati likikaa sawa linalia sauti moja, likikaa upande linalia nyingine, na wateja hawakujua. Halafu siku moja nikakata kidole gumba badala ya bati, na habari ikafika Kitui kabla damu haijakauka. Binti yangu Mwende akapiga simu. Mwende hana maneno mengi. "Baba," akasema, "ikifika Krismasi kama hakuna kitu cha kukushika huko Nairobi, nakuja na gari nabeba wewe na sufuria zako." Nikamuuliza kitu gani. Akasema serikali ina pesa inawapa walemavu, ina kadi, kama wewe ni mlemavu kweli waulize, na kama si mlemavu basi hicho kidole kimekatika kwa nini.

Sina ubaya na Kitui. Lakini najua mzee asiyeona anafanya nini kule. Anawekewa stuli, anapewa uji, halafu mtu akipita njiani mzee anaambiwa, "Huyo ni fulani." Hapa Kambi Muru hakuna wa kuniambia huyo ni fulani, najua mwenyewe. Huyu anaburuta mguu, yule amevaa ndala mguu mmoja imekatika, yule mwingine anapumua kama ana deni na hewa. Hapa mimi ni fundi. Kwa hiyo nikaamua kutafuta hiyo kadi, si kwa sababu ya njaa, ni kwa sababu ya stuli.

Niliambiwa nianze kwa daktari wa macho, na ni kwenye benchi ya daktari wa macho nilimpata Owuor. Au yeye alinipata, kwa sababu alinikalia. Mzee mrefu, kofia ya sufu, fimbo ya ufagio. Akainuka pole pole akasema, "Omera, ndugu yangu, samahani, nilidhani ni kiti." Nikamwambia hata mimi nilidhani ni mtu anayeona. Tulicheka mpaka nesi akatuambia hii ni hospitali. Owuor alikuwa anauza suruali za mitumba Kawangware 46, pale stendi ya matatu, na yeye macho yake yalikuwa kinyume cha yangu. Katikati palikuwa moshi mtupu, kulia pamezimika, anaona kipande cha kushoto tu. Kwa hiyo akitaka kukuona uso anageuza kichwa, anaangalia kando, unakuja kuingia kwenye ile kona yake. Watu wasiomjua walidhani anawadharau. Kuna mama mmoja aliyeuza nyanya karibu naye alidhani kwa miaka mingi kwamba Owuor ana haya naye. Mimi nilijua mapema. Ukimwona Owuor amekazana kutazama pembeni, jua anayetazamwa ni wewe.

Tulitoka kwa daktari pamoja, kila mtu na ripoti yake, tukatembea kwenda Kawangware tukiwa tumeshikana mikono kama maharusi. Mimi nasoma vibao na kuangalia mbele, yeye ananiambia, "Bodaboda kushoto. Mtaro kushoto. Mbwa kushoto, lakini amelala." Upande wa kulia tulimwachia Mungu. Tangu siku ile tukawa hivyo. Kama ni barua ya chifu, tunaenda wawili. Kama ni kupiga picha za pasipoti, wawili, na mpiga picha akamwambia Owuor mara tano, "Mzee, angalia kamera," na Owuor akamjibu mara tano, "Ndiyo naiangalia," uso umeelekea mlangoni. Hizo picha zilitoka za sikio.

Chumba chake kilikuwa cha mabati nyuma ya kibanda chake cha nguo, na sijawahi kukaa mahali nikashiba kama pale. Kitanda, meza yenye mguu wa tofali, kamba iliyotundikwa suruali. Kamba ile ilikuwa daftari lake, za wanaume zimebanwa na kibanio kimoja, za wanawake viwili, za watoto fundo. Vitambaa alivijua kwa vidole, jinzi, kodrai, linen, mpaka ile inayojifanya linen. Rangi ndizo zilimsumbua. Aliwahi kumwuzia mzee wa kanisa suruali ya pinki akiamini ni ya kijivu, na yule mzee akaivaa kwa sababu kitambaa kilikuwa kizuri. Owuor alipika omena, wale samaki wadogo wa ziwani, kavu na nyanya nyingi, mimi nilileta muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, kutoka Kibera kwenye mkebe, na yeye aliula akisema Wakamba walikosa kazi mpaka wakaamua kuvua mahindi nguo. Nikamwambia angalau mahindi yetu hayana macho ya kukuangalia kwenye sahani.

Ukuta wa upande mmoja ulikuwa bati moja tu, na ng'ambo ya bati aliishi huyu huyu Mama Brayo anayeandika. Ukiongea kwa Owuor unaongea na watu watatu. Nakumbuka siku moja Owuor alikuwa ananieleza juu ya mtoto wake aliyeko kwao karibu na ziwa, jinsi anavyopiga simu kila mwisho wa mwezi, baba rudi nyumbani, tumekujengea. "Nirudi nifanye nini?" Owuor akasema. "Nihesabu kuku? Nao wakisogea je?"

"Si watakupikia samaki mkubwa," sauti ya Mama Brayo ikatoka kwenye bati. "Hapa unakula hao wadogo kama chumvi."

"Mama Brayo, hii ni nyumba ya wanaume."

"Ni nyumba ya mabati. Chumvi umeongeza mara mbili, nimesikia mkebe."

Owuor akaonja. Kweli ilikuwa mara mbili. Akafunika sufuria, akaniambia kwa sauti ya chini, ambayo pale haikusaidia kitu, kwamba yeye na mimi tunaogopa stuli moja. Yake iko kwa ziwa, yangu iko Kitui, lakini ni stuli moja. Akasema wakitupa hiyo kadi, hakuna mtu atatubeba kama mzigo.

Fomu zilipokuja, kila mtu yake, Mama Brayo alizunguka akaingia na kalamu kwa sababu yeye alisoma mpaka akamaliza fomu foo. Akaandika majina, akaandika vitambulisho, akaandika macho yalianza lini. Halafu akafika mahali akasoma, "Jina la mlezi." Tukamwuliza mlezi wa nini, sisi tuna wajukuu. Akasoma tena chini yake: mtu anayekutunza, anayekusaidia kutembea, kula, na kupokea pesa. Sasa, mtu wa ofisini akiuliza hilo swali anajua anatafuta jibu gani. Sisi tulilijibu kama lilivyo. Nikafikiri nani ananisaidia kutembea. Nani nakula naye. Nikasema, "Owuor." Naye alipoulizwa akasema, "Nani tena? Andika huyu Mkamba." Mama Brayo akauliza mko na uhakika. Tukasema sana. Sasa hivi ananiambia nieleze kwamba alituonya, na mimi naeleza kwamba hakutuonya, alicheka tu, na akaandika.

Ofisi ilikuwa Kawangware, ndani ya kiwanja chenye geti, ngazi tatu za kupanda, chumba kirefu chenye viti vya plastiki. Tulifika siku ya mwisho ya kuandikisha kwa sababu chifu alikuwa na matanga. Owuor alipoingia alikuwa anahesabu kwa midomo, nilimsikia, ndiyo tabia yake mahali pageni. Getini kulia palikuwa na mama anachoma mahindi, na jiko lake, nilijua kwa mlio wa koleo lilipogonga bati, lilikuwa la mkono wangu. Nilifurahi nikaona ni dalili nzuri.

Tuliketi mpaka mchana. Aliyetuita alikuwa madam wa makamo, ana miwani, ana mafua. Akachukua fomu yangu, akasoma, akasema vizuri, mlezi yuko wapi? Nikamwonyesha Owuor. Akamwangalia, akaangalia fimbo. Akavuta fomu ya Owuor iliyokuwa chini ya yangu, akasoma. Akarudi kwa yangu. Halafu akasimama akasema anakuja, akaingia chumba cha pili, na sisi watu wa masikio tukamsikia akimwambia mwenzake, "Njoo uone. Huyu anatunzwa na huyu. Na huyu anatunzwa na huyu." Wakacheka huko wakijaribu kufunga mdomo. Si kicheko kibaya. Hata Owuor alitabasamu.

Aliporudi alikuwa amejipangusa macho. "Wazee wangu," akasema, "mlezi lazima awe mtu mwenye macho. Na aliyeomba hawezi kuwa mlezi wa mwingine. Hizi zote mbili zitarudi."

"Zitarudi wapi?" nikauliza.

"Hapa hapa kwangu, na mimi nitazifungia. Leo nafunga orodha. Ingine itafunguliwa, sijui lini, labda mwaka ujao, labda mwingine. Hamna mtu yeyote wa kuja sasa na kitambulisho?"

Tulimpigia Mama Brayo. Alikuwa amekwenda kufua nguo za watu Lavington na simu yake imekufa chaji. Mwende yuko Kitui. Krismasi ilikuwa imebaki wiki saba, na nilikuwa nimeanza kuona gari, na sufuria zangu juu yake, na stuli. Owuor alikuwa amekaa ameegemeza kidevu kwenye fimbo. Naweza kusema kwamba nilikuwa nafikiri njia ya kutuokoa wote. Lakini sitaki Mama Brayo aandike uongo. Nilikuwa nafikiri habari yangu. Lile neno lililosemwa pale, hata mimi ningeweza kulisema, maana mambo yalikuwa wazi kwa wote wawili. Yeye alilisema kwanza.

"Madam," Owuor akasema, "nipe hiyo yangu."

Akampa. Owuor akaikunja mara mbili, mara nne, akaitia mfukoni kama leso. "Sasa kuna fomu ngapi?"

"Moja," madam akasema.

"Na mlezi?"

Nikamwambia, "Owuor, wacha," na yeye akanikanyaga mguu, hakukosea hata kidogo. Madam akainua mkono hewani. "Mzee, hivi ni vidole vingapi?"

Owuor akageuza uso kwenye dirisha, kama mtu anayefikiria bei. "Vitatu."

"Mbona unatazama dirisha?"

"Ni heshima, madam. Simkodolei mke wa mtu macho."

Alicheka tena, na nadhani mafua yalimzidi, kwa sababu alitafuta kitambaa. Alijua. Nasema wazi kwamba alijua. Lakini akasema, kama mtu anayejaribu mara ya mwisho, "Na hiyo fimbo?"

"Ni ya huyu," Owuor akasema. "Namshikia tu." Akaiegemeza kwenye kiti changu. Akatoa kitambulisho, akaweka dole gumba kwenye wino, madam akamsogezea karatasi mpaka kwenye kidole, na muhuri ukagonga. Sijawahi kusikia bati likilia vizuri hivyo. Halafu Owuor akasimama, akavuta kofia yake, akasema kwa sauti ya watu wote, "Mutua, wewe kaa umalizie na madam. Naenda kukuletea soda."

Mengine niliyajua baadaye. Kwamba alikwenda moja kwa moja hadi Kawangware 46, akafunga chumba, Mama Brayo aliporudi kutoka Lavington akamwachia ufunguo na sufuria pamoja na suruali zote na vibanio vyake, akampigia mtoto wake akamwambia sawa, nakuja, na kuku wasisogee. Hata hakumwambia Mama Brayo kwa nini, lakini mlezi mwenye macho hawezi kuonekana Kawangware anapapasa. Hajarudi Nairobi tena. Kwa simu nampata, siku mtandao ukikubali, ananiambia samaki ni wakubwa kweli na Mama Brayo asiambiwe. Mwende alikuja ile Krismasi na gari, akaona ile karatasi yenye muhuri, akaisoma mara mbili, akala kuku, akarudi na gari tupu. Orodha ilipofunguliwa tena Mama Brayo aliandikwa mlezi badala yake, na ndiyo maana naweza kumkalisha hapa Jumapili akilalamika mkono unauma.

Lakini wakati ule sikujua lolote. Nilijua tu soda inakuja. Nilisogeza kichwa mpaka mlango ukaingia kwenye bomba langu, nikamwona mgongo. Alitembea kichwa juu, mikono ikining'inia, bila kupapasa. Kwenye ngazi alishuka moja, mbili, tatu, mguu ukakaa chini kama anayeshuka kwake. Akavuka kiwanja. Lile jiko la mahindi sasa lilikuwa kushoto kwake, akalipita kwa nafasi ya mkono mmoja, na upande wa kulia, ule wa Mungu, mtu mwenye mkokoteni akamngoja apite. Getini akasimama. Akageuza uso kabisa, akatazama huko barabarani, kwenye magari, akakaa hivyo kwa muda. Mama wa mahindi angesema yule mzee anaangalia magari. Mimi nikainua mkono nikampungia. Halafu akapinda kushoto, akaenda.